Dispacha, yule wa ofisini anayetupangia safari, kaniuliza "umechoka na nini" eti kwa sababu kifaa cha kurekodi masaa ya kuendesha kinaonyesha bado nina masaa!

Wakuu, nimeegesha sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Sisi tunaosukuma malori huku Marekani huyu mtu tunamjua wote, kila kampuni inaye wake, sina haja ya kumtaja. Yule dispacha wa kiti cha kuzunguka, ambaye chombo kizito kuliko vyote alichowahi kuendesha ni toroli la supamaketi.

Nimeingia kazini saa 12 asubuhi, nikakagua lori, nikaondoka. Saa 3 niko kwenye ghala la kupakia. Subiri mlango. Nikasubiri. Kila nikifumba jicho mtu anagonga dirisha: sogea mbele, rudi nyuma, toka hapo unaziba njia. Karatasi za mzigo nimezipata saa 11 jioni! Watoto waliozaliwa asubuhi ile walikuwa wanakaribia kuota meno.

Simu ikaita. "Naona una masaa matatu kabla masaa 14 ya siku yako ya kazi hayajaisha, ondoka." Nikamwambia macho yanafunga. Akanijibu: "Hujaendesha hata masaa matatu leo. Umechoka na nini?"

UMECHOKA NA NINI! Ananiambia mimi, niliyekaa macho tangu kabla ya jua, yeye akiwa na skrini na kikombe cha kahawa!

Kifaa hiki tumelazimishwa tangu Desemba 18, 2017. Kimechomekwa kwenye injini, lori likifika maili 5 kwa saa kinaandika unaendesha. Kinahesabu masaa 11 ya usukani ndani ya masaa 14 tangu uingie kazini, na hayo 14 hayasimami eti kwa sababu ghala limekulaza njaa. Uchovu hakiupimi. Na kanuni hizo hizo zinakataza kampuni kutumia taarifa za kifaa kumsukuma dereva aliyechoka aendelee; ni unyanyasaji, unashtakiwa. Yeye anaisoma skrini kama vipimo vya daktari! Hujaendesha, basi hujachoka. Umechoka na nini. Nikifumba macho nasikia sauti yake tu.

Sisogei hapa mpaka masaa 10 ya kupumzika yatimie. Aje aendeshe yeye.

Tairi_la_Nyuma: Pole mkuu. Wa kwangu aliniuliza kama nimeshalala wakati bado niko naye kwenye simu.

Mzee wa Logi: Mleta uzi analia nini? Sisi tulioandika masaa kwenye daftari la karatasi, dispacha alikuwa anakwambia uandike umelala huku unaendesha usiku kucha. Watu walikuwa na madaftari mawili, moja la polisi, moja la kweli. Kifaa ndicho kilichokupa ushahidi wa kukataa.

Malkia wa Trela: Mzee, kukataa ni haki yake hata bila kifaa. Dereva mgonjwa au aliyechoka hatakiwi kuendesha, na kampuni haitakiwi kumruhusu. Kifaa kimemfanya dispacha ajione anamjua dereva kuliko dereva mwenyewe.

Kumi na Nane: Uzi mrefu kuliko trela la futi 53. Ungelala muda uliotumia kuandika ungekuwa umeshafika.

Mleta uzi: Kumi na Nane, ningekuwa barabarani nimesinzia na lori la tani 36 ungecheka hivyo? Kaniambia UMECHOKA NA NINI!

Injini Kongwe: Tafuteni lori lenye injini ya kabla ya mwaka 2000, kifaa hakikuhusu. Masaa ni yale yale ila hakuna anayekuchungulia.

Malkia wa Trela: Na vipuri utampigia simu nani, babu yako?

Dereva wa Ujerumani: Nyie mnalia na masaa 11? Huku Ulaya takografu, kifaa chetu cha kurekodi masaa, inatupa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki ndiyo unaruhusiwa 10, na kila masaa manne na nusu unasimama dakika 45. Siku hizi takografu inajua hadi mpaka uliovuka.

Tairi_la_Nyuma: Lakini huko mnalipwa kwa muda. Sisi wengi ni kwa maili. Ghala likikushika masaa nane umefanya kazi bure, na sheria ya kazi ya 1938 ilituacha nje ya malipo ya saa za ziada. Ugomvi ndio huo, kifaa kinasingiziwa tu.

Mzee wa Logi: Tairi kasema. Ghala lingelipia kila saa, mngepakiwa kwa nusu saa.

Mleta uzi: Sawa, lakini hakuna aliyejibu, mtu anapata wapi ujasiri wa kumuuliza mwenzake vile?

Malkia wa Trela: Mimi kinachonimaliza ni maegesho. Masaa yanaisha, kila kituo kimejaa, unalala kando ya barabara. Dereva mwenzetu Jason Rivenburg aliuawa 2009 kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa South Carolina, hakuwa na pengine pa kuegesha. Bunge likapitisha Sheria ya Jason 2012, ya maegesho ya malori. Nafasi ziko wapi?

Kumi na Nane: Nafasi zipo, wenye vituo wanaziuza. Juzi nimekuta nusu ya eneo limewekewa alama ya kulipia.

Injini Kongwe: Mkilipia mnawazoesha. Fika kabla ya saa 10 jioni, utapata bure.

Malkia wa Trela: Saa 10 jioni? Wewe unafanya kazi saa ngapi?