Betri ya alumini: chaji ninayoipima inatoka kwenye elektrodi au kwenye kopo?

Mwanagenzi_Njiro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Arusha, na kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitengeneza elektrodi chanya ya betri ya alumini inayochajiwa upya. Upande hasi haunisumbui: alumini yenyewe ina uwezo wa nadharia wa miliampia-saa 2,980 kwa gramu, kwa kuwa kila atomi huachia elektroni 3. Kazi ni kupata mwenzake.

Nilitumia oksidi ya vanadi, nikaipaka kwa gundi ya PVDF, nikaifunga katika kopo dogo la umbo la sarafu la chuma kisichoshika kutu, pamoja na elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni, ya kloridi ya alumini na chumvi ya imidazoliamu. Mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutoa chaji ulinipa miliampia-saa 290 kwa gramu, nikafurahi mno. Kufikia mzunguko wa ishirini zilibaki 60. Nilipolifungua kopo, karatasi ya nyuzi za kioo inayotenganisha elektrodi, niliyoiweka ikiwa nyeupe pepe, ilikuwa na rangi ya kahawia kuanzia ukingoni, na chuma kilikuwa na vishimo vidogo kama ngozi iliyopona ndui. Msimamizi wangu ananihimiza niandike makala, lakini moyo wangu unasita. Je, niendelee na vanadi au nihamie kwenye kinywe (grafiti) cha Mirerani?

Mkemia_Tengeru

Usiandike bado. Elektroliti yako hula chuma, na chuma kinacholiwa hutoa mkondo ambao mashine itauhesabu kuwa wa vanadi. Jambo hili lina historia: mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya oksidi ya vanadi iliyotoa miliampia-saa 305 kwa gramu katika mzunguko wa kwanza, na mwaka 2013 Reed na Menke wakaonyesha kwamba chuma cha kopo kilikuwa kikishiriki katika mmenyuko. Tengeneza betri ya pili iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa vanadi, uipime kwa mkondo uleule. Ikikupa chaji, umepata jibu.

Halafu liache kopo hilo. Tumia chombo cha tefloni au mfuko wa plastiki uliofungwa kwa joto, na karatasi ya molibdenamu au tantalamu ya kupokea mkondo. Gundi ya PVDF nayo naitilia shaka, kwa sababu kloroaluminati zenye asidi, yaani ioni za alumini na klorini zilizomo katika elektroliti yako, huishambulia. Jaribu alginati ya sodiamu, ila uikaushe vizuri kabisa. Maji kidogo tu yakikutana na kloridi ya alumini hutoa moshi wa asidi hidrokloriki, na msimu huu wa masika hupaswi kuufungua mtungi wa elektroliti nje ya kisanduku chenye gesi ya agoni.

Mama_Kiboriloni

Mwanangu, mimi ningekuelekeza kwenye kinywe bila kusita. Kundi la Hongjie Dai kule Stanford lilionyesha mwaka 2015 kwamba povu la kinywe hupokea ioni za kloroaluminati kati ya tabaka zake kwa takriban volti 2, likatoa karibu miliampia-saa 70 kwa gramu na kudumu mizunguko zaidi ya 7,500. Namba 70 ni ndogo kuliko 290 yako, lakini ni ya kweli.

Kinywe cha Mirerani si cha kudharau. Sisi tunaokaa huku Moshi tumewaona wanaapolo, wachimbaji wa migodini, wakitoka shimoni weusi tii, wakijifuta vumbi ambalo kwao ni uchafu tu wa njiani kuifikia tanzanaiti. Magamba makubwa yenye fuwele nzuri ndiyo unayoyataka. Ondoa kwarzi na madini ya salfa kwanza: changanya na kostiki soda, choma, osha kwa maji, kisha kwa asidi. Usiguse asidi hidrofloriki kwa sababu tu mtu ameiandika katika makala. Na usikisage hadi kiwe unga laini, maana kingo nyingi na kasoro hupunguza nafasi za ioni kuingia kwa mpangilio. Ukikichaji, usipite sana volti 2.4, zaidi ya hapo elektroliti yenyewe huanza kuvunjika.

Kijana_wa_Sakina

Mbona mnahangaika, na lithi ipo kila simu?

Mkemia_Tengeru

Swali halali, kaka. Katika betri hii elektroliti ndiyo inayotoa ioni, kwa hiyo uzito wake lazima uhesabiwe. Kundi la Stanford lenyewe lilikadiria wati-saa 40 hivi kwa kilo, chini sana ya lithi. Haitaingia kwenye simu. Pa kuifaa ni kwenye akiba ya umeme wa jua iliyokaa mahali pamoja, panapotakiwa kuchaji haraka, bei nafuu na usalama wa moto.

Mwanagenzi_Njiro

Shikamoo Mama, na ahsante Mkemia. Nimefanya jaribio la betri isiyo na vanadi. Mizunguko mitatu ya mwanzo imetoa mkondo unaokaribia ule wa awali, na karatasi imegeuka kahawia vilevile. Nimemwonyesha msimamizi mikondo yote miwili kwenye ukurasa mmoja. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kilo mbili za kinywe zitapatikana lini.

Mama_Kiboriloni

Marahaba. Chukua magamba kutoka sehemu zaidi ya moja, uandike kila mfuko umetoka wapi, na upime majivu kabla na baada ya kuosha.