Mrejesho: kihisi cha geti cha Zigbee sasa kinashika

Niliuliza kwa nini kihisi cha geti kinapotea hewani kila mara, na kiko mita 14 tu kutoka kwenye kidude cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta kushika mawimbi ya Zigbee (mtandao usio na waya wa vifaa vya nyumba janja). Limekwisha, asanteni.

Mchawi mkubwa alikuwa tundu la USB 3.0, lile la buluu. Linapofanya kazi humwaga kelele kwenye 2.4 GHz, hukohuko Zigbee inakopita. Waya wa kurefusha wa USB 2.0, mita 1.5, ukakiweka kidude mbali na kompyuta; LQI (kipimo cha ubora wa mawimbi) ikapanda kutoka 20 hadi 85.

Chaneli nayo: Wi-Fi iko 1, Zigbee ilikuwa 11, zinagongana. Nimehamia 25, vihisi viwili vilibidi kuunganishwa upya.

Ukabaki ukuta wa zege wenye nondo, unaozuia mawimbi. Plagi janja ya Zigbee barazani ndiyo inayoyapokea na kuyapitisha. Balbu janja kwa kazi hiyo sishauri, mtu akizima swichi njia imekatika. Na yule aliyesema niongeze kihisi katikati: vya betri havipitishi mawimbi ya wenzake. Kiunganisheni kihisi kikiwa palepale getini, si mezani, maana vingine hung'ang'ania njia ya mwanzo.