Risiva inakuwa kiziwi kila baada ya 16 MHz, kelele inapitia wapi?

Mpokeaji: Wakuu, naomba msaada. Nina chipu ya transiva ya 2.4 GHz, risiva, transmita na lojiki vyote viko kwenye silikoni moja. Chaneli nyingi zinapokea vizuri, ila kwenye 2416, 2432, 2448 na 2464 MHz usikivu unashuka karibu 8 dB. Nimeongeza mkondo wa ampilifaya ya kwanza, wapi! Mchoro mpya unaenda kiwandani karibuni na nimeishiwa mbinu.

Mawimbi: Kristali yako, ile inayotoa mapigo ya saa ya chipu, ni ya ngapi?

Mpokeaji: 16 MHz.

Mawimbi: Basi mwizi umeshamtaja. 16 mara 151 ni 2416, mara 152 ni 2432. Hizo ni hamoniki za saa, yaani vigawe vya masafa yake. Kelele ya joto haichagui chaneli: ni -174 dBm kwa kila hezi, yaani -114 dBm kwenye upana wa 1 MHz, popote utakaposikiliza. Mkondo zaidi unapunguza kelele ya ampilifaya yenyewe tu. Inayoingia mlangoni pamoja na ishara itakuzwa nayo.

Silikoni: Izungushie ampilifaya pete ya kinga, ukanda wa kuzuia kelele inayopita kwenye silikoni, mkuu.

Mpokeaji: Pete ipo. Nimeiunganisha na ethi ya lojiki.

Mawimbi: Hapo ndipo ninapopaogopa, kwa sababu kosa hilo nimewahi kulifanya. Waya mwembamba unaotoka kwenye chipu una induktansi, yaani ukinzani dhidi ya mabadiliko ya ghafla ya mkondo, ya takribani 1 nH kwa kila milimita. Lojiki ikivuta mkondo ghafla, ethi yake inaruka, na pete inamwaga mruko huo kwenye silikoni, pembeni kabisa ya ampilifaya. Ipe pete pini yake ya ethi. Ila kabla hujagusa mchoro, simamisha saa ya prosesa, acha PLL (saketi inayotengeneza masafa ya redio kutoka kwenye kristali) ikiendelea, kisha pima tena 2432.

Mpokeaji: Nimepima. Kati ya zile 8 dB, 6 zimerudi! Pete inapata pini yake leo hii. Hizo 2 je?

Mawimbi: Angalia bafa ya kristali, saketi inayosambaza mapigo yake. Kingo za mapigo hayo zikiwa kali kupita mahitaji, zilegeze kidogo, na uitenganishe bafa na laini ya umeme ya ampilifaya. Kwa chipu ulizo nazo sasa, programu isimamishe lojiki isiyo na kazi wakati wa kupokea.