Hela ya shule inaisha Jumanne: kijana wa miaka 13 mwenye ADHD

MamaJunior
Wakuu, naombeni msaada. Kijana yuko kidato cha kwanza, ana ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia, kukaza umakini na kujizuia. Jumatatu anapewa 10,000: nauli ya daladala 200 kwenda, 200 kurudi, inayobaki ya kula. Jumanne jioni hana kitu, na hakumbuki imeendaje. Kibubu anacho, hakigusi. Nianzie wapi?

Mwl_Kitengo
Dada, tatizo ni hiyo Jumatatu. Kwa mtoto wa ADHD Ijumaa ni mbali mno, chipsi ziko hapa mbele yake. Mpe ya siku kwa siku. Nauli iwe sarafu mbili za 200, zikae mfuko wa zipu wa begi. Ya kula 1,000, mfuko wa suruali. Zisichanganywe, maana akishika 1,400 mkononi, yote ataiona ya kula.

Hapo wiki inakula 7,000. Ile 3,000 mpe Jumamosi asubuhi: 1,000 atumie atakavyo bila kuulizwa, 2,000 akiba. Kibubu achana nacho, asichokiona hukisahau. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, bandika picha ya kitu anachokitaka. Cha kwanza kisizidi 4,000, yaani wiki mbili. Mpira wa 20,000 ni wiki kumi, atakata tamaa wiki ya tatu.

Akimaliza ya kula kabla ya mapumziko, usimwongezee. Muwekee chapati kwenye begi asishinde njaa. Nauli ikipotea irudishe kila mara, mtoto haachwi barabarani ili ajifunze.

MamaJunior
Asante sana Mwalimu. Na wenzake wanaomkopa?

Kapeto
Mpe sentensi moja: "Yangu imeshapangiwa." Igizeni nyumbani mara tano sita, wewe uwe rafiki king'ang'anizi. Kumwambia tu "usikopeshe" hakusaidii. Analijua, ila akiombwa linamtoka.

Pia kama anatumia dawa za ADHD zinazofanya kazi kwa muda mfupi, nguvu yake huisha kama saa 4 hivi tangu azimeze. Hesabu za hela msizifanye usiku amechoka. Jumamosi baada ya chai, dakika 5, basi.

Sarafu_Tatu
Na usimtumie hela kwenye simu kwa sasa. Haishikiki, haionekani ikipungua, na bando liko mbonyezo mmoja tu. Akivuka wiki nne na sarafu bila kukwama, mpe ya siku mbili kwa pamoja. Akiteleza, rudi siku moja bila kumgombeza.