Kupiga picha michoro ya kale kanisani, Kupro: nifanyeje bila flashi?

Tumaini_Kidamali

Wakuu, salaam. Nipo Nicosia kimasomo. Kiangazi hiki nimejiunga na kikundi kidogo kinachozunguka vijiji vya milima ya Troodos kuorodhesha makanisa ya Kiorthodoksi yenye michoro ya zamani ukutani. Siyo yale kumi ya kwenye orodha ya UNESCO, yale yana walinzi na taa. Sisi tumepewa vikanisa vya mabondeni, ambavyo ufunguo wake unauulizia kwenye mgahawa wa kahawa, kwa wazee wanaocheza tavli, mchezo wao wa ubao na dadu.

Kamera nimekabidhiwa mimi kwa sababu nyumbani Iringa nilikuwa napiga picha za harusi. Kanisa tulilonalo sasa ni chumba kimoja chenye paa la mbao, giza, na kidirisha kimoja upande wa mashariki. Ukuta wa kaskazini umetoka unga mweupe kama chumvi, na juu masizi ya mishumaa yamefunika nyuso. Padre amekataa flashi kabisa. Halafu mtafiti wetu anataka nipige ukuta wote, hata palipobanduka pakabaki mawe matupu. Kuna haja kweli? Kwa nini nisitulie na zile nyuso nzuri zilizobaki?

Mzee_Lenzi

Dada Tumaini, pole na hongera kwa pamoja. Mimi niko Thessaloniki, na kazi ya kupigia mafundi wa ukarabati picha za namna hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo kubwa.

Harusini unamfuata bibi harusi, na mjomba aliyekaa nyuma akitoka na ukungu hakuna anayelalamika. Hapo ulipo, mjomba ndiye kazi yenyewe. Uso mzuri wa mtakatifu utapigwa na kila mtalii mwenye simu. Ukingo wa lipu iliyopasuka pembeni yake hautapigwa na mtu, na ndio utakaomwambia fundi miaka kumi ijayo kama ufa umesogea au umetulia.

Na kuna suala la wizi. Uko Kupro, kwa hiyo habari ya kijiji cha Lysi umeisikia. Baada ya kisiwa kugawanyika mwaka 1974, wezi waliingia kanisa dogo la Mtakatifu Euphemianos, wakakata michoro ya kuba na ya upinde wa madhabahuni vipande 38, wakavivusha nje. Taasisi ya Menil ya Houston ilivinunua kwa makubaliano na Kanisa la Kupro, vikaunganishwa upya London, vikakaa Marekani hadi viliporudi Nicosia mwaka 2012. Ya kanisa la Antiphonitis, kule Kalogrea, ni mbaya zaidi: walibandua michoro ya Hukumu ya Mwisho na Mti wa Yese (ukoo wa Kristo) vipande vipande, na baadhi vikakutwa Munich mwaka 1997 kwenye msako wa polisi. Sasa fikiria umeshika kipande cha lipu chenye nusu ya bawa la malaika. Bawa ni bawa, malaika wako maelfu. Unajuaje ni la ukuta gani? Utajua kwa picha ya zamani iliyopigwa ukuta mzima, pamoja na nyufa na madoa yake, maana ufa haufanani na mwingine. Ndiyo maana watu kama Andreas na Judith Stylianou, mume na mke waliozunguka makanisa ya kisiwa hicho na kamera kwa miongo mingi, nawaheshimu kuliko wapiga picha wengi wenye majina.

Kwa hiyo mtafiti wako yuko sahihi. Piga na mawe matupu.

Tuje kwenye flashi. Kwa siri, rangi nyingi za ukutani hapo ni udongo na mawe yaliyosagwa, flashi moja haiziui. Lakini usibishane na padre, kwa sababu amekusaidia: flashi ya mbele inang'aza masizi na kuficha kila kitu unachokitafuta. Chukua taa mbili za LED zinazoonyesha rangi kwa uaminifu (hilo huandikwa kwenye boksi, usinunue za bei ya soko la Jumapili), ziweke kushoto na kulia, kila moja kwa nyuzi 45 hivi kutoka ukutani, na kitambaa cheupe mbele yake. Funga mlango. Zima balbu ya njano ya kanisa, mwanga wa aina mbili ukichanganyika hutaweza kuusafisha baadaye. Kamera kwenye tripodi, lenzi ya kawaida, siyo ile pana inayowapinda watakatifu, na uso wa kamera uwe sambamba na ukuta. Sambamba kweli, siyo kwa kukadiria macho. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) chini kabisa, muda wa kufungua mrefu utakavyo, ukuta haupumui. Faili ghafi (RAW), siyo JPEG peke yake. Picha ya kwanza ya kila eneo iwe na kadi ya rangi na rula. Kila picha ipande juu ya jirani yake kwa zaidi ya nusu, ili kompyuta iweze kuziunganisha kuwa ukuta mmoja.

Ukimaliza, zima taa zote, chukua moja, ilaze karibu na ukuta ili mwanga utambae kutoka ubavuni. Hapo ndipo mimi husahau kula. Lipu iliyotutumka inatupa kivuli, mstari ambapo fundi alimaliza kipande cha lipu mbichi na kuanza kingine unajichora, duara la utukufu kuzunguka kichwa linaonekana lilikwaruzwa kwa bikari, na ukiangalia vizuri usoni utakuta kitundu ilipokaa ncha yake. Utaona hata mabua ya majani makavu waliyochanganya na chokaa. Piga yote hayo tena kwa mwanga huo, upande mmoja kisha wa pili.

Ule unga ni chumvi kweli. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanafika juu, yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi nje. Usipanguse hata kwa brashi laini, utaondoka na rangi. Zunguka nje uangalie kama kuna mtu alipiga lipu ya saruji chini ya ukuta: saruji huyazuia maji yasitokee nje, basi yanatafuta njia ndani. Ukiikuta, ipige picha nayo.

Chogo_la_Kariakoo

Simu za sasa zinapiga gizani vizuri tu, zote hizo mbwembwe za nini? Michoro yenyewe ishapigwa miaka na miaka.

Mzee_Lenzi

Mkuu, simu inakutengenezea rangi inayodhani utaipenda. Ya karamu sawa. Na hiyo "ishapigwa" ni ya makanisa maarufu kama Asinou na Lagoudera. Vya mabondeni vingi mtu alipita akachukua Bikira Maria mmoja, akaenda zake.

Shemasi_wa_Riruta

Bwana asifiwe. Mimi nimesoma seminari ya Riruta, Nairobi, ile aliyoianzisha Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro alipokuja Kenya mwaka 1971, kwa hiyo habari za kisiwa hicho tulilishwa darasani. Dada, kabla hujapiga, chora ramani ya ukuta. Kwenye kanisa lisilo na kuba, mara nyingi maisha ya Kristo yanakwenda safu ya juu, watakatifu wamesimama chini, Mzazi-Mungu, yaani Bikira Maria, yuko kwenye upinde wa mashariki. Kipe kila kisehemu namba na namba hiyo iingie kwenye jina la faili. Halafu tafuta maandishi ya wafadhili juu ya mlango. Asinou yapo mlango wa kusini, na mfadhili Nikephoros anaonekana akimtolea Kristo kanisa lenyewe. Ndipo tunapopata mwaka, 1105 au 1106. Lagoudera pia maandishi yanataja 1192, mwaka mmoja tu baada ya Richard wa Uingereza kukiteka kisiwa. Herufi hata zikiwa nusu, zipige kwa karibu sana.

Tumaini_Kidamali

Shikamoo Mzee Lenzi, na asante Shemasi. Saruji ipo, imezunguka pande tatu. Maandishi pia yapo, juu ya mlango wa kaskazini, mistari miwili imeliwa na maji. Tatizo lililobaki: upinde wa mashariki uko nyuma ya ikonostasi (ule ukuta wa picha takatifu unaotenga madhabahu), na padre anasema mwanamke haingii madhabahuni.

Shemasi_wa_Riruta

Hata mwanamume haingii bila baraka. Usimwombe mlangoni mbele za watu. Nenda na mtafiti wenu, mbebe barua ya ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale na ya askofu wa jimbo, muulize kama anaweza kutoa baraka kwa ajili ya kazi. Wengine hutoa, wengine hawatoi. Akikataa usilazimishe, kanisa ni lake kuliko letu.

Mzee_Lenzi

Marahaba binti. Akikataa, mpe kamera mwanamume mmoja wa kikundi. Wewe kaa nje ya mlango wa ikonostasi na kompyuta iliyounganishwa na kamera kwa waya, uwe unaona kila picha inavyoingia na kuamuru: kushoto kidogo, shusha taa, rudia. Umwekee lenzi na mipangilio yote kabla hajaingia, uzibe vitufe kwa utepe asivichezee. Na asiweke begi wala kifuniko cha lenzi juu ya meza ya altari. Mkifanya hivyo ndiyo mmefukuzwa kijiji kizima.

Tumaini_Kidamali

Waya wa mita tano unatosha?

Mzee_Lenzi

Chukua wa kumi. Na betri za akiba za taa, maana swichi ya umeme wa kanisa usiiamini.