Madalali wa vyumba Tanga, hilo jina mmelipata wapi?

Wakuu, heshima zenu. Nimezungushwa juani tangu saa tatu asubuhi, hasira zimenijaa, mnivumilie.

Natafuta chumba Makorora. Dalali kanipokea na neno moja: "Elfu kumi ya kuonyeshwa, hairudi." Nikatoa. Chumba cha kwanza kina mtu, nguo zimeanikwa mlangoni. Cha pili dari imeoza. Cha tatu tumekwenda mpaka Mikanjuni, mwenye nyumba anatushangaa, huyo kijana hajawahi kumwona! Na ningepata, kodi ya mwezi mzima ilikuwa yake.

Namuuliza hela ya nini, ananijibu, "Mzee wangu, ndiyo udalali."

Hapo ndipo aliponitibua. Mimi nimekulia jirani na soko la samaki la Deep Sea, madalali nimewaona tangu sijaanza shule. Mvuvi anashusha, dalali anamwaga samaki chini, ananadi: nane, tisa, kumi, nani anaongeza? Bei inapanda hadharani, kila mwenye masikio anasikia. Samaki wakinunuliwa, naye anapata chake. Wasiponunuliwa, anakung'uta magamba anakwenda zake. Udalali ulikuwa huo, kunadi. Hata leo anayepiga mnada nyumba ya mdaiwa anaitwa dalali wa mahakama.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, dallal, mzizi mmoja na dalili: kuonyesha, kuelekeza. Waturuki walilichukua wakamwita tellal mpiga mbiu wa mji. Wahindi nao wanalo, hata soko la hisa la Mumbai liko Dalal Street. (Ila mitaani kwao ukiitwa dalal, angalia usije ukawa umeitwa kuwadi. Mimi sijasema kitu.)

Muheza neno limegeuka tena. Anayenunua machungwa yangali mtini kwa hela yake, naye eti dalali. Huyo ni mchuuzi, na wakulima wanamlalamikia kila msimu, lakini mtaji katia.

Wangu katia nini? Najua atakuja hapa kusema neno lenyewe si ni kuonyesha, basi kalipwa kwa kuonyesha. Kuonyesha nini, kamba ya nguo za watu?

Elfu kumi yangu imeshaliwa, simu hapokei. Mwenye chumba Makorora au Nguvumali, mwenye nyumba mwenyewe, siyo shemeji yake wala "kijana wangu", anicheki.