Uzi wangu mmeukoti wote mara 37, aliyeusoma simwoni

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika, na atakayesema mama huyu ana gubu aseme tu, nimeshaambiwa mengi wiki hii.

Wiki tatu zilizopita nilileta hapa jukwaani uzi, yaani mada, kuhusu chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku wengine wanauita kideri, kwa kuku wa kienyeji. Niliuandika usiku, siku tatu mfululizo, kwa simu, kidole kimoja. Umeme ukikatika naenda kuchaji kwa jirani mwenye sola. Nilijisumbua hivyo kwa sababu mwaka juzi mdondo ulipita bandani kwangu Mlandizi, na kati ya kuku 64 ukaniachia majogoo mawili na tetea mmoja. Nilichimba mashimo mpaka mkono ukaota malengelenge. Sikutaka mwingine achimbe.

Uzi sasa una kurasa 11. Jana nilichukua daftari nikazipitia zote, kurasa moja moja, kama mtu anayekagua deni la duka.

Mara 37 mtu ameukoti uzi mzima, yaani ameubandika wote ndani ya jibu lake, tangu "Habari za jioni" hadi nukta ya mwisho, halafu chini yake ameandika "Duh." Au "Safi sana mkuu." Au kidole gumba. Mmoja ameukoti wote akaandika "Nitarudi kusoma." Sasa baba, kama hujausoma umeubeba wa nini? Kuna watu humu wanasoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kuhesabu. Mtu anateremka, anateremka, anateremka, anadhani amefika kwenye hoja, anakutana na Duh.

Na msiniambie haya mambo ni mageni, hatujafundishwa. Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika waraka unaoitwa RFC 1855, kanuni za adabu kwa watu wa mtandaoni. Mle imeandikwa kwamba unapomjibu mtu, bakiza maneno yake machache, ya kutosha tu msomaji ajue unajibu nini. Ni 1995 hiyo! Sisi wakati huo kupiga simu ilikuwa safari ya kwenda posta na foleni juu yake. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado tunabebeshana magunia.

Kundi la pili ni la "ngoja waje wajuzi", "nimetandika mkeka hapa", "siti ya mbele". Nimehesabu 52. Kama unataka kufuatilia uzi, kitufe cha kufuatilia kipo pale juu, bonyeza, nyamaza, utaletewa taarifa. Halafu kuna wale wa "uzi bila picha ni batili". Nipige picha ya nini, tone likidondoka kwenye jicho la kuku? Mkono mmoja umeshika kuku, wa pili umeshika chupa. Wa tatu nimuazime nani?

Ukurasa wa 3 mtu mmoja alisema jogoo wake mwekundu hafi kirahisi. Maskini, hakuwa na nia mbaya. Lakini nyekundu ikishatajwa mnajua wenyewe. Simba wakaingia, Yanga wakaingia, mmoja akajibu kwamba hata hao wekundu wote walizaliwa vifaranga vya njano. Hapo nilicheka, nakiri. Ila hawakutoka mpaka ukurasa wa 5, na kati yao kuna kijana wa Singida aliyeuliza swali la maana kabisa, swali lake likakanyagwa kama punje kwenye mlango wa banda. Huyo nitamrudia.

Muda wote huo mlikuwa mnaniita mkuu, kaka, mzee. Sikujali. Ukurasa wa 6 mtu aliuliza kama wanaume ndio tunaojua kuku, nikasema jamani mimi ni mama, wanangu watu wazima watatu. Usiku ule inboksi yangu ilipata jumbe 14. Hata moja haikuuliza kuku. "Mambo mrembo." "Uko peke yako hapo Mlandizi?" Kijana, mrembo yupo, ana miaka 57, na anajua kukamata jogoo gizani bila tochi.

Na inboksi hiyohiyo ina dhambi nyingine inayoniuma zaidi. Mtu anauliza hadharani, "Hii chanjo ya maji inakaa muda gani kabla haijaharibika?" Anatokea bwana mmoja, anajiita mtaalamu, anajibu, "Njoo inboksi." Wa pili anauliza hilohilo, "Njoo inboksi." Wa tatu, hivyohivyo. Swali liliulizwa barazani, jibu likaingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Atakayekuja kuutafuta uzi huu mwakani, kuku wake wakiwa wamelegea shingo, atakuta maswali matatu na mlango. Nilikuja kujua baadaye kwamba huko chumbani jibu lilikuwa namba ya kumtumia hela ya vifaranga.

Haya yote ningeyameza. Kilichonileta hapa leo ni kunakili.

Kuna ukurasa mmoja wa mtandaoni, wa nje ya humu, siutaji, wenye wafuasi wengi kuliko kuku wa wilaya nzima. Siku nne baada ya kuuleta uzi, wakauchukua. Hawakuomba, hawakuweka kiungo, hawakusema umetoka kwa nani. Wakaondoa salamu, wakaondoa jina langu la humu, wakaweka nembo yao juu ya picha ya kuku wa kizungu. Hata hilo ningesema basi, elimu imesambaa. Ila waliukata ili uwe mfupi. Na kichwa changu kilichosema "Namna ya kuchanja kuku dhidi ya mdondo" wakakigeuza kikawa "TIBA YA MDONDO NDANI YA SIKU MOJA".

Wenzangu wafugaji mmeshashika kichwa. Mdondo hauna tiba. Chanjo anapewa kuku mzima, mapema, ili mwili ujijengee kinga, na kinga hiyo haiji kesho yake, inachukua wiki moja hadi mbili. Ukimpa kuku ambaye ameshaanza kuharisha kijani na kupinda shingo, unamsindikiza tu.

Na mstari waliokata ni upi? Nilikuwa nimeeleza aina mbili. I-2, ya tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi 3. Na LaSota, ambayo wengi wetu tunaiweka kwenye maji ya kunywa. Hiyo ya maji niliandika hivi: usitumie maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu ndani ya chupa kuna kirusi hai kilichodhoofishwa, na dawa inayoua vijidudu vya maji inakiua na chenyewe. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua. Kama huna budi kutumia ya bomba, tangulia kukoroga maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ndipo uweke chanjo. Waachishe kuku maji saa moja au mbili kabla, ili wakiletewa wayamalize ndani ya saa mbili. Aya hiyo yote wameifyeka. Wameacha "changanya na maji uwape".

Mama mmoja wa Kilosa akafuata. Kuku wake walikuwa wameshaanza kuumwa, akasoma TIBA, akaenda dukani, akachanganya na maji ya bomba, akawapa. Walikufa 40. Akarudi kwenye ule ukurasa analia. Unajua walimjibu nini? Mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri akaandika kwamba hiyo posti asili yake ni humu, akaweka kiungo cha uzi wangu. Ndipo jina langu likapatikana! Siku za sifa sikuwa na jina, siku ya msiba nikatafutwa mpaka nikaonekana. Wakaja humu, ukurasa wa 9 nendeni mkasome, nimeitwa muuaji, tapeli, mchawi wa kuku, na mmoja akauliza kabila langu kana kwamba kirusi kina kabila.

Nilimwandikia mwenye ukurasa kwa heshima zote. Akanijibu, "Dada, kikishawekwa mtandaoni ni cha wote." Si cha wote. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na haisemi popote kwamba maandishi yakipita kwenye simu yanakuwa shamba lisilo na mwenyewe. Lakini mimi wala sikutaka kwenda huko. Nilitaka arudishe ile aya ya maji na abadilishe neno tiba liwe chanjo. Dakika mbili za kazi. Amenifungia nisimwandikie tena.

Na humu ndani kwetu, mmoja wa walionitukana, nilipomjibu kwa hoja, alirudi akahariri matusi yake yakawa "Asante kwa somo zuri." Sasa jibu langu la ukali limebaki peke yake linaning'inia, ukipita unaona kichaa anamfokea mtu anayemshukuru. Skrinishoti ninayo, bwana mdogo.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Yupo daktari wa mifugo mmoja, ukurasa wa 7. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba vifaranga wachanjwe wakitimiza mwezi. Yeye alikoti sentensi hiyo moja tu. Akasema, "Mama, hapa kuna kasoro ndogo," akaeleza kwamba wa LaSota huanza mapema zaidi, wengi wakiwa na siku 7, na akaeleza kwa nini. Mistari mitano, hakunidhalilisha, hakuniambia niende shule. Nikarudi juu nikarekebisha, na chini nikaandika: nimehariri umri wa vifaranga baada ya kusahihishwa, angalia ukurasa wa 7. Yeye akalaiki, tukaendelea. Kumbe inawezekana, na wala haikuchukua bando.

Najua mtasema huyu naye alizaliwa anajua. Thubutu. Mwaka 2009 nilikuwa Morogoro, intaneti kafe karibu na stendi, nikafungua uzi wangu wa kwanza maishani kwenye jukwaa moja. Kichwa: NAOMBENI MSAADA HARAKA!!!!!! Ndani nako herufi kubwa mwanzo mwisho, kwa sababu nilibonyeza kitufe fulani sikujua kukibonyeza tena. Tatizo lenyewe lilikuwa mashine ya kutotolea. Watu wanane wakanicheka. Wa tisa hakunicheka, na hakunisema mbele za watu. Aliniandikia pembeni: "Dada yangu, herufi kubwa huku ni kupayuka. Kichwa kiseme shida ni nini, mwenye jibu aione. Halafu tafuta kwanza, swali lako lina jibu tangu mwaka jana." Akaniwekea kiungo. Jibu lilikuwepo kweli.

Niliona aibu nikakaa mwezi mzima nasoma tu, siandiki. Nikajua nani akisema jambo ameshalifanya kwa mikono yake, nani ni mropokaji, utani gani unavumilika na upi unaumiza. Baadaye sana, nilipousoma ule waraka wa 1995, nikakuta nao unamshauri mgeni asome mwezi mmoja hadi miwili kabla hajaandika chochote. Nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa nimeutimiza kwa aibu. Upo pia ushauri kwamba jibu la hasira lilale usiku mmoja kabla ya kutumwa. Hili ninaloandika limelala siku tatu, mngeliona lilivyokuwa Jumatatu.

Kwa hiyo wageni sina ugomvi nao, mgeni hajui. Nina ugomvi na ninyi wenye miaka kumi humu, mnaojua kufukua makaburi ya nyuzi za 2014 ili muandike "nimepita", mnaowacheka wageni hadharani, halafu mkiambiwa mnasema hapa si msikitini wala kanisani. Kijiweni kwenye kahawa je? Mbona kule mtu akifika anasalimia, anakaa, anasikiliza kinachoongelewa ndipo anatia neno? Mbona kule hamsimami juu ya meza ya bao mkatangaza vifaranga?

Moderata, naomba vitu viwili. Zile kurasa za Simba na Yanga zihamishiwe jukwaa la michezo, zina watu wake. Na ile aya ya maji ya bomba ibandikwe juu kabisa ya uzi, kwa wino mzito, ili hata wezi wakija waibe na yenyewe.

Mdogo wangu wa Singida, wa ukurasa wa 4. Nisamehe, nilikuona nimechelewa. Uliuliza: una kuku 12 tu, chupa ya dukani ni ya kuku 100, ununue au uache? Nunua. Usiigawe ukahifadhi nusu, LaSota ikishachanganywa na maji ni ya palepale, inayobaki haifai kesho. Zungukia majirani jioni moja kabla, mchange hela ya chupa, kila mtu awafungie kuku wake ndani usiku huo, asubuhi na mapema mchanje wote kabla hawajafunguliwa. Mdondo haujui ua wa nani uko wapi, ukichanja wako tu ukaacha wa jirani unakuwa umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitano. Kuku anayeumwa mwacheni pembeni, msimchanje. Andikeni tarehe ukutani kwa mkaa, hesabuni miezi 3, mrudie. Na yule mama uliyesema hamsemezani kwa sababu kuku wako wanamfukulia mchicha, mpitie naye. Kuku wake ni 30, mchango wake ni mkubwa kuliko wako.